Maongozi ya Mungu katika Imani ya Kalemie

Maongozi ya Mungu ni fundisho la Kikristo kwamba Mungu aliyeumba ulimwengu hauachi, bali huutunza kila siku kwa upendo. Katika Mathayo sura ya 6, Yesu anawaelekeza wasikilizaji wake kwa ndege wa angani na maua ya kondeni, kisha anawataka waache kusumbukia chakula na mavazi. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila moja hurudia kuwa fadhili za Mungu hazina mwisho.

Katika eneo la Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, fundisho hili lilienezwa na wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe, waliokabidhiwa kituo cha Mpala, kusini mwa mji, mwaka 1885. Tunda la kazi yao ni Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi, aliyepadirishwa huko Kirungu mwaka 1917.

Kutumaini maongozi hayo si kukaa bure. Mvuvi wa ndagala, samaki wadogo wa ziwa hilo, huingia ziwani usiku na taa zake. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauvuti samaki sana, na wavu huweza kurudi mtupu. Hapo mvuvi hushona nyavu, husali, hungoja giza lirudi.

Swali gumu zaidi ni la mateso. Ziwa Tanganyika lilipofurika miaka ya karibuni, nyumba za Kalemie ziliingiwa na maji. Imani haidai kwamba waumini huepushwa na hasara. Hufundisha kuwa Mungu hubaki nao ndani ya hasara hiyo, na mara nyingi huwahudumia kwa mikono ya watu: jirani anayefungua mlango na kupakua bukari, yaani ugali.