Tukubaliane majina kabla ya kuhamisha faili

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imenijia mara nyingi tangu idara ninamofundisha ilipoarifiwa kwamba kazi zetu zote zitahamishwa kutoka seva ya ofisi hadi jukwaa la pamoja la mtandaoni. Waraka wenyewe ulikuwa wa aya tatu. Ulitaja siku ya kuhama, ukalitaja jukwaa lenyewe, kisha ukatuhimiza tushirikiane na mafundi. Kuhusu kile kitakachohamishwa, haukusema neno.

Kwa msomaji asiyezoea mambo haya, nieleze kidogo. Seva ya ofisi ni tarakilishi moja, aghalabu iliyofungiwa chumbani, ambayo tarakilishi nyingine huunganishwa nayo ili kila mfanyakazi aweke na kuchukua faili humo. Jukwaa la pamoja, mathalani SharePoint ya Microsoft au Google Drive, huhifadhi faili katika seva za kampuni zenyewe. Watu waliopewa ruhusa wanaweza kuandika katika waraka mmoja kwa wakati mmoja, huyu akiwa Nairobi na yule Kisumu. Faida zake ni bayana wala sizipingi. Seva ya ofisi ikiungua leo, huenda kazi ya miaka kumi ikateketea pamoja nayo.

Hofu yangu imetokana na kisa kimoja. Miaka michache iliyopita, binti mmoja aliyekuwa amemaliza masomo yake alikuja ofisini mwangu siku chache kabla ya mahafali. Jina lake halikuwamo katika orodha ya wahitimu.

“Mwalimu,” akaniambia, “wanasema sina alama za somo lako.”

Alama alikuwa nazo. Karatasi yake niliisahihisha mwenyewe. Tulipofungua folda ya idara, tulikuta faili tatu: “Alama Mwisho”, “Alama Mwisho Kabisa” na “Alama Mwisho Mpya”. Katika mbili za kwanza alama zake zilikuwapo. Katika ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuwa imepelekwa kwa msajili, mahali pake palikuwa patupu. Aliyezijua tofauti za faili hizo alikuwa katibu wetu, mama aliyeitumikia idara kwa miaka mingi, naye wakati huo alikuwa likizoni kwao mashambani. Tulipompata kwa simu na ukweli kudhihirika, orodha ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Binti yule akalazimika kungoja mahafali yaliyofuata, ilhali jamaa zake walikuwa wamekwisha kuchanga nauli.

Siku hiyo hapakuwa na mtambo ulioharibika. Umeme ulikuwapo na seva ilifanya kazi yake barabara. Kilichotuangusha ni neno “mwisho”. Tena nikiri, faili ile ya tatu niliipa jina mimi, mtu anayelipwa mshahara kwa kufundisha maana ya maneno.

Katika isimu tunawafundisha wanafunzi kwamba yapo maneno ambayo maana yake humtegemea asemaye na wakati anaposema. “Hapa”, “sasa” na “kesho” ni baadhi yake. Mwenye duka anayebandika ukutani tangazo la “Leo pesa, kesho mkopo” anaijua isimu hii vizuri kuliko sisi, kwa kuwa kesho yake haifiki kamwe. “Mwisho” na “mpya” ni maneno ya aina hiyo hiyo. Kwa aliyeyaandika, siku anapoyaandika, yana maana. Mwaka ukipita, hayamwambii mtu lolote.

Ndiyo maana nasema kuhama huku kunahitaji mpango wa lugha kabla ya mpango wa mitambo. Fundi hodari anaweza kuzihamisha faili zetu zote kwa usiku mmoja, na asubuhi tukazikuta zile tatu zimefika salama salimini, kila moja ikidai kuwa ndiyo ya mwisho. Tena katibu wetu, ambaye kichwa chake ndicho kilichokuwa daftari la idara, yu karibu kustaafu.

Kwa maoni yangu, hatua ya kwanza ni kuhesabu tulicho nacho. Kila sehemu ya idara iorodheshe folda zake, na mbele ya kila folda iandikwe nani mwenyewe, ipi ni nakala halali, na kama bado inahitajika. Zisizohitajika ziwekwe kando au zifutwe kwa kufuata kanuni. Nafasi huko tuendako si bahari isiyo na ukingo. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba taasisi za elimu zilizozoea kuhifadhi bila kikomo zitawekewa kikomo cha terabaiti 100 kwa taasisi nzima, na kwa waliokuwa wakiitumia huduma hiyo kanuni ikaanza Julai 2022. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu habari za mtu binafsi zihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Alama za mwanafunzi ni habari za aina hiyo.

Hatua ya pili ni majina. Jina la faili litaje somo, aina ya waraka na tarehe, na tarehe ianze kwa mwaka, ufuatwe na mwezi, kisha siku, ili faili zijipange zenyewe kwa mfuatano wa wakati. Neno “mwisho” lipigwe marufuku. Majukwaa haya huhifadhi matoleo ya awali ya waraka ndani ya faili ile ile, hivyo hatuna haja ya kuzaa nakala kila tunaposahihisha.

Hatua ya tatu ni miliki na ruhusa. Katika Google Drive, faili iliyo katika hifadhi ya mtu binafsi hufungamana na akaunti yake. Akaunti ikifutwa bila faili kukabidhiwa mwingine, nazo huenda nayo. Orodha za alama na mitihani ziwekwe katika hifadhi inayomilikiwa na taasisi, na ijulikane ni nani anayeruhusiwa kusoma tu na nani anayeweza kubadilisha. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hatimaye, tusihame sote kwa mkupuo. Sehemu moja itangulie na kasoro zake zirekebishwe. Seva ya zamani ibakie kwa muda, iweze kusomwa lakini isiandikwe, ili pasiwe na mtu wa kuongeza faili kule huku wenzake wakiongeza huku. Na kuhama kusifanywe kabisa katika msimu wa kusahihisha mitihani.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba haya ni mambo ya makarani, na kwamba mwanachuoni ana kazi kubwa zaidi ya kufanya. Ningewaomba wakumbuke historia ya lugha tunayoifundisha. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa, wakaafikiana kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Miaka miwili baadaye ikaundwa kamati ya kusimamia tahajia na vitabu. Wengi wameulaumu uamuzi ule, hususan wapenzi wa Kimvita, na lawama zao zina uzito. Lakini vitabu vya shule vilivyofuata viliweza kusomwa na mtoto wa Tanga na wa Machakos kwa sababu kwanza watu waliketi wakakubaliana jinsi ya kuandika. Mitambo ya uchapaji ilikuwako kabla ya makubaliano hayo, na peke yake haikuyaleta.

Nanyi wanafunzi, msingoje waraka kutoka juu. Anayeandika tasnifu na aanze leo kuzipa sura zake majina yatakayoeleweka mwaka ujao. Walimu wa shule, ambao rekodi zenu nazo zinaingia mtandaoni, ketini kwanza katika chumba cha walimu mkubaliane. Mimi nimekwisha kuipa faili yangu ile jina jipya, lenye somo na tarehe, japo binti yule halikumfaa.