Tubane Maji, Tusibane Kunawa

Kwa wenzetu wa Dodoma na Singida mvua hukoma kati ya Aprili na Mei, na hairudi mpaka karibu na Desemba. Katika miezi hiyo mama huweza kutembea saa kadhaa kwa ajili ya ndoo moja. Basi familia huanza kubana matumizi, na mara nyingi kinachobanwa kwanza ni kuwanawisha watoto. Hapo ndipo tunapokosea.

Ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao wengi tunaujua kwa jina la vikope, huenezwa na uchafu wa macho na kamasi. Nzi huupeleka kutoka uso hadi uso, hata vidole na nguo huupeleka. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kope la juu hupata makovu ndani, hujikunja, na nywele zake hukwaruza jicho hadi upofu. Wilayani Kongwa watafiti walijaribu kampeni ya kunawisha nyuso pamoja na kutoa dawa, na matokeo yalitangazwa mwaka 1995: watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali.

Kunawa uso hakuhitaji beseni. Kikombe kimoja cha maji, yakimiminwa kidogo kidogo viganjani, hutosha watoto zaidi ya mmoja. Beseni la pamoja hula maji mengi na tena huchanganya uchafu wa wote. Vivyo hivyo pindo la kanga ambalo mama humfutia huyu, kisha yule! Kwa mikono, tundikeni kibuyu chirizi karibu na choo: dumu dogo lenye tundu na kamba ya kukanyagia, na sabuni pembeni.

Maji yenyewe tutayapata wapi? Tazameni bati lenu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 5, ikinyeshewa milimita 20, hupokea lita 600, yaani ndoo 30. Tukitoa yanayopotea, ndoo 24 si haba, nazo zimekuja mlangoni bila kubebwa kichwani. Wekeni mfereji hata upande mmoja tu. Mvua ya kwanza iachwe imwagike, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe vizuri, mbu wasizalie humo, na maji ya kunywa yachemshwe.

Maji ya kusuuzia nguo leo yafulie nguo za rangi au yadekie sakafu. Sufuria zenye masizi zisuguliwe kwanza kwa majivu, ndipo zitiwe maji. Maji ya sabuni yaendeni kwenye migomba na mipapai, lakini yasimwagwe juu ya mboga zinazoliwa mbichi. Yale ya nepi, au yenye dawa ya kung'arishia nguo, yamwageni mbali na bustani na kisima.

Wengi wetu hupanda mchicha juu ya tuta lililoinuka. Mahali pa mvua nyingi ni sawa, lakini kiangazi tuta hilo hukauka upesi na maji huteremka pembeni. Chimbeni kitalu kiwe chini kidogo ya usawa wa ardhi, changanyeni samadi iliyooza, kisha funikeni udongo kwa nyasi kavu zisizo na mbegu. Mwagilieni jioni au alfajiri, kwenye shina, wala si juani saa sita.

Wenye bomba nao wasijione salama. Wekeni ndoo usiku mmoja chini ya koki inayovuja, asubuhi mtazame imejaa kiasi gani. Mara nyingi kasoro ni mpira wa ndani uliolika, na fundi hubadilisha kwa muda mfupi.