Je, Wajua? Maajabu ya Ziwa Geneva na Hoteli Zake

Ziwa Geneva, linalogawanywa na Uswisi na Ufaransa, lina ukubwa wa kilomita za mraba 580 hivi. Ziwa Victoria linalizidi zaidi ya mara mia moja! Lakini tukija kwenye kina, mdogo anamshinda mkubwa: mita 310, karibu mara nne ya kina cha Victoria. Na kwa zaidi ya miaka 250 watu wamefunga safari kwenda kupumzika kando yake, kila kizazi kikifuata jambo lake. Sikiliza.

Watalii wa mwanzo walifuata watu wasiokuwepo

Mwaka 1761 Jean-Jacques Rousseau, mzaliwa wa Geneva, alichapisha riwaya ya mapenzi iitwayo Julie. Wapendanao wake aliwaweka Clarens, kijiji kidogo cha mwambao wa mashariki. Wasomaji wa Ulaya waliilia riwaya hiyo, kisha wakaanza kumiminika Clarens, kitabu mkononi, kutafuta vichochoro walikopita watu wa kubuni! Kijiji kikapata jina kabla hakijapata hoteli ya maana.

Volkano ya Indonesia ilizaa jitu la Geneva

Mlima Tambora ulilipuka Aprili 1815, na majivu yake yakaziba jua kiasi kwamba mwaka uliofuata Ulaya haikuona kiangazi. Mshairi Byron alikuwa amepanga nyumba iitwayo Villa Diodati, karibu na Geneva, na mvua ikamfungia ndani pamoja na wageni wake. Akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Msichana wa miaka 18 katika kundi lile, ambaye baadaye aliitwa Mary Shelley, akaanza kutunga Frankenstein, kisa cha jitu la kutisha, kitabu kilichotoka 1818. Daktari wa Byron, John Polidori, naye akatunga kisa cha mnyonya damu ambacho kiliwafungulia njia wanyonya damu wote wa sinema tunazozijua. Likizo moja iliyoharibiwa na mvua, na watoto wa dunia nzima wanaogopa giza hadi leo!

Mabehewa yalipanda mlima kwa nguvu ya maji matupu

Mwaka 1883 ilifunguliwa reli fupi, kali kwa mwinuko, kutoka Territet ufukweni hadi Glion mlimani. Haikuwa na moshi wala makaa. Mabehewa mawili yalifungwa kwenye kamba moja ya chuma; la juu lilijazwa maji kwenye tangi lake, likawa zito, likateremka huku likilivuta la chini kupanda. Likifika chini, maji yanamwagwa na mchezo unaanza upya. Tangu hapo hoteli hazikubanana tena ufukweni, zikapanda mlimani kufuata hewa safi. Mwaka 1888 tramu ya umeme, ya kwanza Uswisi, ikaanza kuwapitisha wageni kati ya Vevey, Montreux na ngome ya Chillon.

Ule mrusho maarufu wa maji ulianza kama valvu ya usalama

Ukiona picha ya Geneva, utauona: mnara mweupe wa maji unaopanda mita 140, juu kuliko jengo la KICC la Nairobi. Ulizaliwa 1886 bila mpango wa urembo. Mitambo ya jiji ilisukuma maji yenye nguvu kuendesha mashine za karakana. Jioni mafundi walipofunga kazi kwa mpigo, shinikizo lilipanda ghafla, na wahandisi wakatoboa njia ya kulipunguza. Maji yakaruka mita 30 hivi, watu wakakusanyika kushangaa. Jiji likasoma alama za nyakati: mwaka 1891 mrusho ukahamishiwa mbele ya ziwa ili wageni waufurahie. Leo unarusha lita 500 kila sekunde, yaani mapipa mawili na nusu kabla hujapepesa jicho mara mbili.

Shule ya kwanza ya hoteli duniani ilianzia hapa

Hoteli ziliongezeka kuliko watu wanaojua kuziendesha. Kwa hiyo mwaka 1893, pale Ouchy, bandari ya Lausanne, mwenye hoteli Jacques Tschumi alianzisha shule, na madarasa ya mwanzo yalifanyika ndani ya hoteli. Ipo mpaka leo, na kazi ambayo watu waliiona kuwa ya utumishi tu ikawa taaluma yenye shahada.

Kwenye mji wa maji ya chupa, Afrika ilishinda vita

Hapa naomba utulie kidogo, maana kisa hiki nakipenda kuliko vyote. Évian, upande wa Ufaransa, ulijulikana kwa chemchemi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1789 mheshimiwa mmoja mwenye vijiwe vya figo aliyanywa maji yake akapata nafuu. Wagonjwa wakafuata, kisha matajiri, na mwaka 1909 ikafunguliwa Hôtel Royal iliyopangiwa kumpokea Mfalme Edward VII wa Uingereza. Mfalme akafariki mwaka uliofuata.

Julai 1938 hoteli hiyohiyo ilipokea wajumbe wa nchi 32 waliokuja kujadili hatima ya Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler. Walikaa siku kumi mbele ya mandhari ya kupendeza, na karibu kila nchi ikaeleza kwa nini haina nafasi. Mjumbe wa Uingereza aliitaja Kenya, lakini kwa familia chache tu. Jamhuri ya Dominika ndiyo pekee iliyosema itapokea watu wengi. Inaumiza kusoma.

Kisha ikaja 1961. Ufaransa na wapigania uhuru wa Algeria walikubaliana kukutana Évian. Meya wa mji, Camille Blanc, aliuawa kwa bomu la waliopinga uhuru huo kabla mazungumzo hayajaanza. Wajumbe wa Algeria walilala upande wa Uswisi, wakavushwa ziwa kwa helikopta kwenda kujadiliana na kurudi. Tarehe 18 Machi 1962, miezi mitatu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake, makubaliano yalitiwa saini, na kesho yake adhuhuri bunduki zikaamriwa zinyamaze baada ya vita vya zaidi ya miaka saba. Leo anayeinunua chupa ya maji yenye jina hilo ananunua pia, bila kujua, jina la mkataba mkubwa katika historia ya Afrika.

Kutoka Versoix hadi Dar es Salaam ni miezi mitatu

Aga Khan III, imamu wa Waislamu wa Ismailia, yule aliyepimwa uzito kwa almasi jijini Dar es Salaam mwaka 1946, alifariki Versoix, kando ya ziwa hili, Julai 1957. Mrithi wake alikuwa mjukuu wake Karim, mwenye miaka 20, mzaliwa wa Geneva aliyeishi utotoni Nairobi. Sherehe ya kwanza ya kumsimika ilifanyika Oktoba mwaka huohuo, na haikufanyika Ulaya. Ilifanyika Dar es Salaam!

Clarens ziko mbili

Paul Kruger, rais wa Makaburu aliyekimbilia uhamishoni wakati wa vita na Waingereza, alifia Clarens mwaka 1904. Miaka michache baadaye mji mdogo wa jimbo la Free State, Afrika Kusini, ukapewa jina hilo kwa ajili yake. Nao siku hizi ni mji wa watu wa likizo.

Kasino iliungua, wimbo ukazaliwa

Mwaka 1967 kijana wa ofisi ya utalii ya Montreux, Claude Nobs, alishiriki kuanzisha tamasha la jazi ili mji upate wageni wapya. Tarehe 4 Desemba 1971, mwanamuziki Frank Zappa akiwa jukwaani kwenye kasino ya mji, mtu alifyatua fataki na kasino nzima ikateketea. Hakuna aliyekufa, Nobs mwenyewe alisaidia kuwatoa watu. Kundi la Deep Purple, lililokuwa mjini kurekodi, liliuona moshi ukitanda juu ya ziwa na kuutungia Smoke on the Water, wimbo ambao karibu kila anayejifunza gitaa huanza nao.

Sabuni ya unga nusura iliue ziwa

Fosfati za sabuni, mbolea na maji machafu ziliulisha mwani wa ziwa kupita kiasi, hewa ikapungua vilindini na samaki wakataabika. Utalii wote wa mwambao ulikuwa hatarini, maana nani aende likizo kwenye maji ya kijani yanayonuka? Mitambo ya kusafisha maji taka ikajengwa pande zote, na mwaka 1986 Uswisi ikapiga marufuku fosfati katika sabuni za kufulia. Maji yakaanza kutakata. Ufaransa, ng'ambo ya ziwa lilelile, iliweka marufuku yake kwa sabuni za nyumbani mwaka 2007, miaka 21 baadaye.