Sarafu ya Shaba Iliyodumu Kuliko Dola Yake

Aghalabu somo la historia hugeuzwa kuwa orodha ya wafalme na vita. Mimi nashikilia kwamba hata sarafu duni ya shaba yaweza kumfunza mwanafunzi siri ya utawala.

Tuitazame shivrai, sarafu ya Wamaratha wa magharibi mwa India. Shivaji alipotawazwa katika ngome ya Raigad mwaka wa 1674, alitoa sarafu za dhahabu na za shaba. Ya dhahabu ilikuwa ya wachache. Ya shaba ndiyo iliyokwenda sokoni. Upande mmoja iliandikwa "Shri Raja Shiva" na wa pili "Chhatrapati", kwa hati za Devanagari. Sarafu za Wamughali, mahasimu wake, zilibeba Kiajemi. Hivyo basi, uhuru ulitangazwa katika kiganja cha mchuuzi.

Shivaji alifariki mwaka wa 1680. Mwaka wa 1818 Waingereza waliuangusha utawala wa Wamaratha, na mwaka wa 1835 wakaanzisha sarafu za namna moja. Hata hivyo, shivrai iliendelea kutumika huko Deccan kwa miongo kadhaa. Dola ilikufa, imani ya raia haikufa.

Wala hayo si ya mbali nasi. Neno letu "pesa" chimbuko lake ni "paisa", sarafu ndogo ya Bara Hindi. Walimu, wapeni wanafunzi sarafu waisome kama wasomavyo kitabu. Amri ya mtawala huandikwa siku moja, bali thamani yake huamuliwa na wanyonge kila siku sokoni.