Bata wa mbao aliyejengewa nyumba

Ndugu msikilizaji, ukimtajia mtu wa mjini neno makumbusho, aghalabu mawazo yake hukimbilia ngome ya kale, mizinga iliyoshika kutu, kiti cha sultani na vipande vya sahani za Kichina. Ni nadra mtu kufikiri kwamba wavu uliotoboka, kasia la mvuvi au kinyago cha bata kilichochongwa kwa kisu cha jikoni vinastahili kuwekwa katika nyumba ya heshima. Vitu hivyo huonekana kila siku, na kitu kinachoonekana kila siku hakina mlinzi. Siku kikitoweka ndipo watu huanza kuulizana kilikwenda wapi.

Wiki hii nawaletea habari za watu walioamua kuvilinda vitu vyao kabla havijatoweka. Wako mbali, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani. Pwani ya jimbo hilo ina ukanda mrefu na mwembamba wa visiwa vya mchanga uliosimama kama ukuta mbele ya bara. Kati ya ukuta huo na bara kuna maji ya kina kifupi, yenye majani mengi chini yake, na sehemu mojawapo ya maji hayo huitwa Core Sound. Kando yake viko vijiji zaidi ya 10 vya wavuvi ambavyo kwa pamoja hujulikana kama Down East. Katika kimoja cha vijiji hivyo, kisiwani Harkers Island, mahali barabara inapoishia, ipo Makumbusho ya Ndege wa Majini na Urithi ya Core Sound.

Pengine msikilizaji utauliza: kama hao ni wavuvi, kwa nini nyumba yao ikapewa jina la ndege? Swali ni la haki, na jibu lake linaeleza mambo mengi.

Watu wa Core Sound hawakuwa na kazi moja. Mvuvi wa kule alifuata majira. Kulikuwa na wakati wa kamba, wakati wa chaza na kombe, na majira ya kupukutika majani yalipofika, upepo ukageuka na mkizi wakatoka kwa makundi makubwa kuelekea bahari kuu. Mkizi walivuliwa kwa juya, wakatiwa chumvi na kufungwa katika mapipa ili kubadilishwa kwa mahindi na watu wa bara. Baridi ilipokaza, maelfu ya bata na mabata bukini walishuka kutoka kaskazini, kutoka Kanada na mikoa ya jirani, kuja kula majani yaliyo chini ya maji yale ya kina kifupi. Mvuvi yule yule, kwa mashua ile ile, aliweka wavu kando na kuchukua bunduki. Kwake yeye samaki na ndege vilikuwa kurasa mbili za kitabu kimoja.

Sasa bata ni mjanja. Hatui ovyo ovyo. Anapopita angani hutazama chini, na akiona wenzake wametulia juu ya maji, hujua kwamba hapo pana chakula na usalama, naye hushuka. Mwindaji aliijua tabia hiyo, akaigeuza kuwa mtego. Alichonga bata wa mbao, akampaka rangi, akampigilia chini kipande cha madini ya risasi ili asipinduke kwa mawimbi, akamfunga kamba yenye nanga ndogo. Hakuweka mmoja. Aliweka makumi, hata mamia, kisha akajibanza na kungoja.

Mbao hazikununuliwa dukani. Kipande cha mlingoti wa meli iliyovunjika, boya lililosukumwa na bahari, gogo la mwerezi, chochote kilifaa. Kichwa kilichongwa peke yake kikaunganishwa na kiwiliwili. Wengine walisuka waya umbo la ndege wakauvika turubai. Kila mchongaji alikuwa na mkono wake, huyu shingo fupi, yule mdomo mpana, kiasi kwamba anayewajua leo anaweza kumtazama bata asiye na jina wala alama akakuambia alitoka kijiji gani. Na majira yalipokwisha, waliochakaa walitiwa jikoni kuwa kuni. Hakuna aliyedhani kwamba anachoma sanaa.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, maana historia ikisafishwa sana hupoteza ladha. Uwindaji ule haukubaki kuwa wa kitoweo. Reli ilifika Morehead City, mji wa jirani, mwaka 1858, na kwa reli na meli za moshi bata waliofungwa katika mapipa waliweza kufika Baltimore, Philadelphia na New York, mezani kwa matajiri. Walipigwa kwa bunduki kubwa zilizoua ndege wengi kwa mlio mmoja. Ndege wengine, wenye manyoya mazuri, waliuawa kwa ajili ya kofia za mabibi wa mijini. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 ndege walikuwa wamepungua kiasi cha kutisha.

Serikali ikaingilia kati. Mwaka 1916 Marekani ilitia saini mkataba na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, wa kuwalinda ndege wanaohama, na mwaka 1918 ikapitishwa sheria iliyopiga marufuku biashara yao. Mwaka 1935 ikakatazwa pia kuwatumia bata hai kama chambo. Tangu hapo aliyewinda kwa leseni, kwa idadi na kwa majira yaliyowekwa, alibaki na bata wa mbao peke yake. Wenyeji wengi wakawa waongozaji wa matajiri waliokuja kuwinda kwa starehe. Baadaye zikaja chambo za plastiki, nyepesi na rahisi, na yule bata wa mbao akawa hana kazi.

Lakini tazameni maajabu ya dunia. Alipokosa kazi ndipo thamani yake ilipopanda. Wakusanyaji wa vitu vya kale walianza kumtafuta, na mwaka 2007 bata na bata bukini waliochongwa na fundi mmoja wa jimbo la Massachusetts, Elmer Crowell, waliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1 kila mmoja. Kuni za juzi zimekuwa dhahabu ya leo. Na kwa kawaida dhahabu haikai kwa maskini. Watu wa Core Sound waliona vitu vya babu zao vikinunuliwa kwa bei ndogo vibarazani na kwenda kupamba sebule za mbali.

Mwaka 1987 wachongaji wa huko waliunda chama chao. Mwaka 1988 wakaanzisha tamasha la bata wa mbao, ambalo limekuwa likifanyika mwishoni mwa juma la kwanza la Desemba. Mwaka 1992 ukaanzishwa mpango wa makumbusho, na jengo lake likainuliwa kwa michango, harambee na nguvu za wanavijiji wenyewe.

Walipoanza kukusanya bata, waligundua jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Bata wa mbao hasimami peke yake. Ukimweka mezani, lazima umweleze aliyemchonga. Ukimweleza mchongaji, lazima uitaje mashua yake, kwa kuwa mafundi wa Harkers Island walisifika kwa mashua zenye omo iliyopanuka kwa juu ili kutupa mawimbi pembeni. Ukitaja mashua, umetaja nyavu, na mitego ya miti na nyavu iliyosimikwa majini kama wando wa pwani yetu. Ukitaja nyavu, umewataja akina mama waliowalea watoto wakati wanaume wako baharini, wakapika, wakashona mablanketi ya viraka. Hivyo nyumba ya ndege ikawa nyumba ya watu, na kila kijiji kikapata mahali pa kuweka picha zake, majina yake na kumbukumbu zake.

Na hao ni watu wanaojua maana ya kupoteza. Ng'ambo ya Harkers Island, katika kisiwa cha mchanga cha Shackleford, palikuwa na makazi yaliyoitwa Diamond City, jina lililotokana na michoro ya mnara wa taa wa Cape Lookout ulio karibu. Waliishi huko watu wapatao 500, wakivua samaki na kuwinda nyangumi kwa mashua za makasia kutoka ufukweni. Nyangumi walipewa majina kama watu, na mifupa ya mmoja wao, aitwaye Mayflower, aliyeuawa mwaka 1874, imehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya jimbo mjini Raleigh. Agosti 1899 kilipiga kimbunga kikali. Bahari ilipita juu ya kisiwa, bustani zikafunikwa kwa mchanga wa chumvi, hata makaburi yakafukuliwa. Wenyeji hawakungoja kingine. Walizibomoa nyumba zao vipande vipande, wakazipakia katika mashua na kuzivusha. Kufikia mwaka 1902 Diamond City ilikuwa imekwisha, na wengi wa wanaoishi Harkers Island leo ni wajukuu wa wahamaji hao.

Mimi mtu wa redio siwezi kuacha kutaja sauti. Katika mji wa Beaufort, jirani na vijiji hivyo, kulikuwa na uvuvi wa samaki mdogo mwenye mafuta mengi aitwaye menhaden, asiyeliwa sana mezani bali husagwa kuwa mafuta na chakula cha mifugo. Mabaharia wake, wengi wao Wamarekani weusi, walivuta nyavu nzito kwa mikono huku wakiimba, na wimbo ndio uliowapa nguvu ya kuvuta kwa pamoja. Zilipokuja mashine za kuvutia nyavu, nyimbo zikanyamaza melini. Wazee hao walikusanywa tena mwaka 1988, na mwaka 1990 waliimba katika ukumbi maarufu wa Carnegie Hall, New York. Kiwanda cha mwisho cha samaki hao mjini Beaufort kilifungwa mwaka 2005. Kazi imekufa, lakini sauti ipo, kwa sababu mtu aliwafuata wazee na kuwaomba waimbe.

Nasema hayo kwa uchungu kidogo. Nilipata kufanya kazi mahali ambapo kanda za mahojiano ya wazee zilifutwa ili zirekodiwe matangazo ya sabuni, kwa maelezo kwamba kanda mpya ni ghali. Wazee hao wengi wamekwisha kufariki. Sabuni yenyewe haiuzwi tena.

Sasa turudi Core Sound. Tarehe 14 Septemba 2018 kimbunga kilichoitwa Florence kiliingia North Carolina. Hakikuwa na mwendo wa haraka. Kilijikokota, kikimwaga mvua siku baada ya siku. Paa la makumbusho liliharibika, maji yakaingia ndani, na jengo likafungwa. Kwa wakati huo shughuli ziliendeshwa kutoka mahali pa muda huko Morehead City. Wengi wa wale ambao wangetegemewa kulikarabati walikuwa nao wana nyumba zisizo na paa. Hata hivyo kazi ilifanyika, na milango ikafunguliwa tena.

Nimejiuliza ni kwa nini mtu ambaye kitanda chake kimelowa atakubali kuchangia paa la nyumba ya bata wa mbao. Nadhani jibu liko katika hali ya maisha ya vijiji vile. Sehemu kubwa kabisa ya kamba wanaoliwa Marekani hutoka nchi za nje, wengi wakiwa wa kufugwa, na bei yao humvunja nguvu mvuvi wa mashua ndogo. Ardhi ya ufukweni hununuliwa na watu wa mijini wanaotaka nyumba za mapumziko, na ikipanda thamani, kodi nayo hupanda. Vijana huondoka. Katika hali hiyo makumbusho ni mahali ambapo mtoto wa mvuvi anaweza kuambiwa: wewe una kwenu.

Wapo wanaopinga, na hoja yao nzito. Wanasema makumbusho hayaleti samaki. Wanasema jumuiya ikishaanza kujiweka kwenye kabati la kioo, imekwisha kukata tamaa. Mimi naikubali nusu ya hoja hiyo. Ni kweli bata wa mbao hatamlipia mtu deni la injini. Lakini watu wasiojua walikotoka hawana hata lugha ya kudai wanachostahili. Anayetaka kutetea haki yake ya kuvua katika maji fulani hana budi kuonyesha kwamba babu yake alivua humo, kwa mashua gani, kwa wavu gani, na aliacha nini ili samaki wasiishe. Ushahidi huo ukichomwa kuni, kesi imekwisha kabla ya kuanza.

Jambo la pili la kujifunza ni kwamba watu wa Core Sound hawakungoja wizara wala mfadhili aje kuwaambia kipi ni urithi. Walianza na walichokuwa nacho mkononi, tena kitu kidogo cha kuchekesha, bata asiyeruka. Misaada ilikuja baadaye, ikakuta wenyewe wamekwisha kuanza.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama kwenu pwani kuna mzee ambaye bado anajua kushona tanga au kusimika wando, usingoje jengo. Nenda na daftari, au simu yenye kinasa sauti. Muulize jina la kila kamba na kila kipande cha mti, na umwache aeleze kwa mwendo wake. Jengo linaweza kungoja miaka 10. Mzee hawezi.

Tukutane wiki ijayo.