Je, Wajua? Gitaa la Flamenko Kitabuni

Je, wajua kwamba kitabu cha Rafael Marín, kilicho miongoni mwa vya kwanza kabisa kufundisha gitaa la flamenko, kilichapwa Madrid mwaka 1902, nacho kilitumia, pamoja na noti za kawaida, mistari sita badala ya nyuzi sita, na juu yake tarakimu za kumwonyesha mwanafunzi mahali pa kubania uzi?

Kwa hiyo kijana wa Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, asiye na mwalimu, maadamu ana gitaa na subira, aweza kuzifuata sauti moja baada ya moja. Ila katika mapigo kumi na mawili ya soleá, mojawapo ya mitindo ya flamenko, yanayotiwa mkazo kwenye la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12, na vidole vinaporushwa kimoja kimoja juu ya nyuzi, karatasi haitoshi, wala hapana budi ila kusikiliza.

Kwa rai yangu, kijana huyo angeanzia karibu: katika mitaa hiyo, wakaamo watu wengi wenye asili ya magharibi ya Kenya, yamkini mna mzee aijuaye omutibo, fani ya Waluhya iliyovumishwa na marehemu George Mukabi, aliyefariki 1963, ambamo gumba hushika besi, kidole cha shahada hupiga wimbo, na chupa ya soda ikagongwa kulinda mwendo. Elimu hiyo hupokewa kwa macho na masikio, kama ya mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ingawa upigaji wake mtafiti David Rycroft aliuandika kwa noti na kuuchapisha katika miaka ya 1961 na 1962.