MIFUPA YA KALE ILIYOGEUKA KUWA MAWE

Twapenda wasomaji wetu wa Kasokola na vijiji vya jirani wafahamu ya kwamba mfupa wa kale uonekanao korongoni si kitu cha kuchezewa wala kuokotwa ovyo. Thamani yake haimo katika mfupa peke yake, bali imo pia katika mahali ulipolala.

Kwanza yafaa tueleze jinsi mfupa ugeukavyo jiwe. Mnyama afapo porini, kwa kawaida fisi, jua na mvua huharibu mifupa yake yote. Lakini akifunikwa upesi na matope ya mto au majivu ya mlima wa moto, maji yapitayo ardhini huleta madini, nayo hujaa mfupani kidogo kidogo mpaka ukawa mzito na mgumu. Wataalamu huita mabaki hayo visukuku. Miaka mingi baadaye mvua hukata makorongo, na kilichozikwa hutokeza nje.

Mambo hayo hayako mbali nasi. Kusini ya Mpanda liko bonde la Ziwa Rukwa, na katika ncha yake ya kusini, upande wa Songwe, wataalamu wa mataifa mbalimbali, Watanzania wakiwamo, walichimbua kipande cha taya chenye meno. Mwaka 2013 mnyama huyo aliitwa Rukwapithecus, kwa jina la ziwa. Alikuwa wa ukoo wa kale walikotoka sokwe na wanadamu, naye aliishi miaka milioni 25 iliyopita. Karibu na hapo palionekana kipande kingine chenye jino moja, cha mnyama wa ukoo wa kima na nyani. Basi twaona ya kuwa koo hizo mbili zilikuwa zimekwisha kutengana zamani hizo.

Huenda mtu akauliza, umri huo ulijulikanaje? Ulijulikana kwa udongo. Katika matabaka yake mna majivu ya milima ya moto, na ndani ya majivu mna chembe zenye urani, ambayo hugeuka risasi polepole kwa kadiri isiyobadilika. Mtaalamu hupima urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, mfano wa mtu ajuaye taa imewaka muda gani kwa kutazama mafuta yaliyobaki.

Kwa njia za namna hiyo twajua pia habari za kaskazini ya nchi yetu. Mwaka 1959, huko Olduvai, Bibi Mary Leakey alivumbua fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu lenye miaka ipatayo milioni 1.75. Na mwaka 1978, huko Laetoli, zilionekana nyayo za viumbe waliokwenda kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi, miaka milioni 3.66 iliyopita.

Wako wadhanio ya kuwa wataalamu husema sokwe wa leo ndiye babu yetu. Sivyo. Husema ya kuwa sokwe na mtu ni kama watoto wa ndugu wawili: babu yao alikuwa mmoja, naye alikwisha kutoweka zamani sana.

Sasa wazee na walimu waangalie jambo hili. Watoto wachungao mifugo ndio huviona vitu hivi mbele ya wengine. Mtoto akiuchukua mfupa nyumbani, hakuna awezaye kujua ulitoka tabaka gani, na ushahidi wake umepotea, wala haurudishwi kwa fedha. Kwa hiyo wafundishwe kuuacha papo hapo, kuweka alama kando yake, na kumwarifu mwalimu au mwenyekiti wa kijiji, ili habari ifike wilayani na kwa Idara ya Mambo ya Kale. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimbua vitu hivyo bila kibali.

Korongo la leo huenda likabomoka kwa mvua za mwakani. Afadhali habari ipelekwe mapema.